Herufi Sitini na Nne

Chumba changu kiko juu ya duka la vipuri, Kibuye,
dirisha linatazama mabati.
Jumapili kelele za mitumba zinapanda ngazi bila hodi,
nami nimeketi na barua za watu kumi na wanne
wanaotumia kijiprogramu nilichokiita Hakiki.

Kazi yake ni ndogo. Unakipa faili,
kinaisoma baiti ya kwanza hadi ya mwisho,
kinatema herufi na tarakimu sitini na nne
zisizoimbika, zisizo na maana
ila hii: faili ikiguswa, hazitakuwa hizi tena.
Nukta ikidondoka, zote zinavuruga safu
kama siafu waliomwagiwa maji.

Khavere wa Mbale, karani wa ushirika wa maziwa:
"Hilo HAPANA lako, jekundu, kubwa vile,
lilimtoa jasho mkaguzi wa hesabu.
Alidhani nimemwita mwizi mbele ya wakulima.
Kumbe mimi ndiye niliyefungua daftari la Machi
kusahihisha jina: Chogo tulimwandika Chongo,
na macho anayo yote mawili.
Punguza ukali, ndugu. Sema tu, si ile ile."
Nimeandika pembeni: kweli.

Nyaboke anapiga picha za harusi, Lanet, Nakuru.
"Harusi moja gigabaiti arobaini.
Nabonyeza, kinanyamaza. Napika chai, nakunywa,
sijui kinafanya kazi au kimekufa.
Sitaki mengi. Niwekee nukta itembee."

Shisia wa Webuye, mpima mashamba,
anataka aambiwe ramani imebadilika wapi,
mpaka gani umesogezwa, na nani, saa ngapi.
Laiti! Hakiki ni mlinzi asiyemjua mwizi,
anajua tu kwamba mlango haukuamka ulivyolazwa.
Nilimjibu kwa kurasa mbili, nikafuta,
nikaacha neno moja: haiwezekani.

Mmoja anataka kiseme Dholuo. Hilo nimelipenda.
Mmoja hana ombi, ametuma shilingi hamsini na salamu.

Kisha Otiato wa Ugunja.
"Nina sauti ya Akelo wangu, dakika tatu,
akiniagiza sukari na viberiti,
akicheka simu ilipomponyoka.
Mwaka juzi, kabla ya matanga kwisha,
nilinakili zile herufi nyuma ya kalenda.
Simu ikafa, fundi akanihamishia kila kitu.
Sasa Hakiki kinasema HAPANA.
Nasikiliza, ni yeye, kicheko kiko palepale.
Katika toleo lijalo, huwezi kuweka
neno la katikati? Karibu sawa?"

Nilikaa na barua hiyo hadi mitumba ikafungwa marobota,
hadi radi ya jioni ikaanza kunguruma upande wa Nandi.
Hesabu hii haijui karibu.
Ndiyo maana watu wa maziwa wanaiamini.
Nikiilegeza kwa ajili ya Akelo,
kesho mpaka wa Webuye utasogea hatua tatu
na Hakiki kitaitikia: karibu sawa.

Basi toleo la pili limebaki hivi.
Nukta itembee.
HAPANA iwe "si ile ile", nyeusi, herufi ndogo.
Dholuo, nikipata wa kunisahihisha.
Karibu sawa nimeiandika, nimeikata,
na wino wa kuikata umetoboa karatasi.

Halafu nikampigia Otiato.
Nikamwambia anitumie faili kama ilivyo sasa.
Ikafika usiku, stima iliporudi.
Sikuisikiliza, si yangu.
Niliipitisha, nikaanza kumsomea kwa simu
herufi mpya, moja moja,
naye akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka huu.
"Na zile za zamani?"
"Ziache ukutani. Hizi ni za sauti uliyo nayo leo.
Ikiguswa tena, utajua."
Tulipofika ya arobaini na moja akasema, ngoja,
kalamu imekauka.
Namsikia akifungua droo, akifunga, akifungua nyingine.